Kugawa diski si kuhifadhi amana



Ndugu wasomaji, miongoni mwa barua zilizoifikia safu hii mwezi huu ipo moja kutoka Iringa ambayo nimeona niijibu kwa urefu, kwa kuwa suala lake linazigusa nyumba nyingi. Mwandishi wake ni mfanyabiashara, baba wa watoto wanne. Nyumbani kwake kuna kompyuta mpakato moja tu. Ndani yake zimo hesabu za duka, picha za familia na, lililo zito zaidi, kumbukumbu zote za mirathi ya marehemu kaka yake. Yeye ndiye msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na mayatima watatu wako chini ya uangalizi wake. Kijana wake mkubwa anasoma chuo hapa Mbeya. Aliporudi likizo alimwambia: "Baba, tuigawe diski. Upande mmoja ibaki Windows yako, upande wa pili niweke Linux kwa ajili ya masomo yangu. Hakuna kitakachopotea." Mama wa nyumba hakuridhika. Baba naye anauliza: je, nimruhusu?

Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja. Kazi yenyewe ni ya jioni moja na ina manufaa ya kweli. Lakini yale maneno ya mwisho ya kijana, kwamba hakuna kitakachopotea, hayawezi kusemwa mpaka jambo fulani lifanyike kwanza. Makala haya yanaeleza jambo hilo, kisha yanaeleza kazi yenyewe.

Tuanze na maana ya kugawa. Diski ya kompyuta tunaweza kuifananisha na kiwanja. Kiwanja chaweza kuwa kimoja chenye nyumba moja, na chaweza kupimwa, kikawekewa mipaka, kikajengwa nyumba mbili au tatu. Mwanzoni mwa diski huandikwa jedwali dogo linalosema sehemu ya kwanza inaanzia wapi na inaishia wapi, na ya pili vivyo hivyo. Jedwali hilo ndilo hati ya kiwanja. Utaratibu wa zamani, uitwao MBR, ulianza mwaka 1983 wakati kompyuta za IBM zilipoanza kuuzwa zikiwa na diski ya ndani ya MB 10 tu. Utaratibu huo huruhusu sehemu kuu 4, wala hauwezi kupima zaidi ya TB 2. Kompyuta za miaka ya karibuni hutumia utaratibu mpya uitwao GPT, ambao katika Windows unakubali hadi sehemu 128. Mafundi wetu huita sehemu hizo partisheni, na wengi wetu tunazijua kwa herufi: C, D na E.

Mfumo endeshi ndio mwenye nyumba. Ndio unaoiamsha kompyuta, ukapokea amri za kibodi na kuzipa programu nafasi ya kufanya kazi. Windows ni mfumo endeshi, na Linux ni mfumo mwingine. Mifumo miwili inaweza kukaa kwenye diski moja, kila mmoja katika sehemu yake. Kompyuta inapowashwa hutokea orodha fupi kwenye kioo, mtumiaji akachagua aingie upande upi. Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Anayetaka kuhama huzima na kuwasha upya.

Kwa nini familia ihitaji mifumo miwili? Sababu ya kwanza ni masomo. Kijana anayejifunza uandishi wa programu au usimamizi wa mitandao ataikuta Linux kila anapokwenda, kwa kuwa sehemu kubwa ya mitambo inayoendesha intaneti inaitumia. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Eneo letu lina uhusiano na nchi hiyo katika elimu hii. Mwaka 2007 chuo cha Tumaini cha Iringa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Wazo la walioiandaa lilikuwa kwamba mafunzo ya kompyuta yafuate mazingira ya mahali. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Hayo yaliwezekana kwa sababu programu za aina hii ziko wazi: mtu anaruhusiwa kuzifungua, kuzitafsiri na kuzigawa.

Sababu ya pili ni umri wa kompyuta zetu. Nyingi zinazouzwa Mwanjelwa au Miyomboni zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia. Windows 10, iliyomo katika wingi wa kompyuta hizo, iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Mwenye kompyuta ya namna hiyo si lazima aitupe. Linux Mint huhitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, japokuwa GB 4 ndiyo inayopendekezwa, na nafasi ya GB 20 kwa kuanzia. Ubuntu huhitaji RAM kubwa zaidi na nafasi ya GB 25.

Sababu ya tatu inahusu haki za watu. Desturi ya kwenda kwa fundi "akapige Windows" ya kukraki imezoeleka mno, hata baadhi ya madrasa zetu zinaitumia bila kujiuliza. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, iliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inazilinda programu za kompyuta. Ubuntu na Mint zinanakiliwa kwa idhini ya watengenezaji wenyewe. Faili la kusimika Mint lina karibu GB 3. Mmoja katika mtaa akilipakua kwa bando lake, majirani kumi wanaweza kulinakili kwenye flashi zao, na hakuna aliyedhulumiwa.

Hayo ndiyo manufaa. Sasa tuje kwenye sharti nililolitaja.

Watu wengi huamini kwamba faili likihamishwa kutoka C kwenda D limekuwa salama. Imani hiyo ina ukweli kwa upande mmoja tu. Windows ikiharibika na C ikafutwa ili isimikwe upya, vilivyomo D hubaki. Lakini C na D ni vyumba viwili chini ya paa moja. Diski yenyewe ikifa, kompyuta ikianguka, ikiibiwa au ikimwagikiwa chai, vyumba vyote huondoka pamoja. Kugawa ni kupanga, na kuhifadhi ni kuwa na nakala mahali pengine. Anayechanganya mambo haya mawili hugundua kosa lake siku ambayo hawezi tena kulirekebisha.

Hatari huwa kubwa zaidi katika saa ile ya kugawa, kwa maana ndipo hati ya kiwanja inapoandikwa upya. Ofisi ya msikiti wetu ililiona hilo. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, aliletwa kurekebisha kompyuta iliyokuwa nzito kuwaka. Mbele ya swali la kioo lililouliza aihifadhi sehemu iliyopo au aifute diski nzima, alichagua kufuta, akaendelea na kazi yake kwa utulivu. Orodha ya wanafunzi wa madrasa na rekodi za ada zao zikaondoka. Tuliziandika upya kutoka katika daftari la mkono la ustadhi mmoja ambaye hakuwahi kuiamini kompyuta. Daftari lile la karatasi ndilo lililokuwa nakala yetu ya pili, ingawa hakuna kati yetu aliyekuwa amelipa jina hilo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Iringa, kabla kijana hajagusa chochote, fanyeni haya. Nunueni diski ya nje, au flashi kubwa kama faili zenu si nyingi. Nakilini humo nyaraka za mirathi, hesabu za duka na picha. Kisha chukueni flashi nyingine, mnakili nyaraka za mirathi peke yake, na flashi hiyo ikae katika nyumba nyingine: kwa shangazi, au kwa kijana mwenyewe Mbeya. Moto au mwizi hawezi kuzifikia nyumba za Iringa na Mbeya kwa usiku mmoja. Orodha ya mali na hesabu zinazopelekwa mahakamani zichapwe pia kwenye karatasi, ziwekwe kwenye jalada.

Baada ya kunakili, chomekeni nakala katika kompyuta ya mtu mwingine mnayemwamini, mfungue faili moja moja yale muhimu. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu. Nimeona flashi yenye majina ya mafaili yaliyopangwa vizuri, na ndani yake hamna hata moja linalofunguka.

Hilo likikamilika, kazi yenyewe ifuate utaratibu huu.

Kwanza, tazameni kama diski imefungwa kwa usimbaji uitwao BitLocker. Kompyuta nyingi mpya huja nao ukiwa tayari unafanya kazi, bila mwenyewe kujua. Mpangilio wa kuwaka ukibadilishwa, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na asiyekuwa nao hafungui kitu. Tafuteni ufunguo huo katika akaunti ya Microsoft, uandikeni kwenye karatasi, kisha zimeni usimbaji kabla ya kuendelea.

Pili, ondoeni ule uwakaji wa haraka wa Windows katika mipangilio ya umeme. Ukiwa umewashwa, Windows inapozimwa haizimiki kabisa, bali huacha sehemu ya kazi yake imeandikwa kwenye diski ili kesho iamke upesi. Linux ikikuta diski katika hali hiyo hukataa kuandika humo, na ina haki.

Tatu, punguzeni sehemu ya C mkiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa kutumia programu ya Disk Management na amri ya "Shrink Volume". Windows inazijua faili zake zilipolala kuliko mgeni yeyote. Msishangae diski iliyouzwa kwa jina la GB 500 ikionyesha karibu 465. Muuzaji na Windows wanahesabu kwa vipimo tofauti, na hakuna aliyeibiwa. Kwa diski ya ukubwa huo, ninapendekeza GB 150 zibaki za Windows, GB 60 ziwe za Linux, na zinazobaki, karibu GB 250, ziwe sehemu ya tatu ya nyaraka ambayo mifumo yote miwili inaisoma. Sehemu hii ya tatu iwe ya NTFS. Mtaona pia visehemu vidogo visivyo na herufi. Hivyo ni vya kuwashia na kuokolea kompyuta, navyo visiguswe.

Nne, washeni kompyuta kwa flashi yenye Linux, na kabla ya kusimika chochote itumieni hivyo hivyo kwa nusu saa. Inaruhusu. Angalieni kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na printa inatambulika. Ikiwa kuna kitu hakikubali, mmekijua kabla diski haijaguswa.

Tano, wakati wa kusimika chagueni ile nafasi tupu iliyoachwa, au chaguo la kuiweka Linux kando ya Windows. Chaguo liitwalo "Erase disk" maana yake ni kufuta diski yote. Kijana asibonyeze popote mpaka baba amesoma maandishi hayo pamoja naye. Macho manne huona zaidi ya mawili.

Sita, umeme. Kukatika kwa umeme katikati ya kupunguza au kuandika sehemu kunaweza kuiacha hati ya kiwanja imeandikwa nusu. Kompyuta mpakato iwe imejaa chaji na ibaki kwenye waya. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS isigawiwe siku ambayo taa zimekuwa zikicheza.

Kama Windows na Linux zote zinasimikwa upya, Windows itangulie. Ikija nyuma hupenda kujiweka mbele katika zamu ya kuwaka, na orodha ya kuchagua ikatoweka. Linux ikija ya pili huitambua Windows na kuiandika katika orodha.

Baada ya kazi, yapo mambo mawili yatakayowashangaza, nayo hayana ubaya.

La kwanza ni saa. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayotembea hata ikiwa imezimwa. Windows huichukulia kuwa ni saa ya hapa nyumbani. Linux huichukulia kuwa ni saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Kwa hiyo mtu akitoka Linux na kuingia Windows bila intaneti, huweza kukuta jua limezama, saa 12:45 jioni, na kompyuta inasema ni saa 9:45 alasiri. Wanaotegemea programu ya nyakati za swala ndani ya kompyuta walizingatie hili, hasa katika Ramadhani. Tiba yake ni amri moja ndani ya Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Baada ya hapo mifumo yote miwili husoma saa kwa namna moja.

La pili ni kwamba Linux inaweza kuona faili za Windows, lakini Windows kwa kawaida haioni sehemu ya Linux. Katika Disk Management huonekana kama eneo lisilo na jina wala herufi. Mwaka mmoja baadaye mtu anaweza kuliona, akadhani ni nafasi ya bure, akalifuta. Andikeni kwenye karatasi mgawanyo mlioufanya, sehemu moja moja na ukubwa wake, muibandike chini ya kompyuta.

Wapo ambao ningewashauri wasigawe kabisa. Ikiwa diski ni ndogo, mfano GB 128, kila upande utabanwa. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga au faili zimeanza kukataa kufunguka, hiyo ni diski inayoaga, na kuigawa ni kuiharakisha. Nakilini vilivyomo na mnunue nyingine. Na ikiwa kijana anahitaji Linux kwa wiki chache za somo moja, anaweza kuisimika kwenye diski ya nje, akaichomeka anapoihitaji na kuichomoa anapomaliza, bila kugusa diski ya baba yake.

Limebaki neno kwa mama wa nyumba, ambaye barua inamtaja mara moja tu. Shaka yake ilikuwa mahali pake. Hakuhitaji kujua partisheni ni nini ili aone kwamba mali ya watoto wasiokuwa na baba ilikuwa imekaa mahali pamoja tu, ndani ya kifaa kinachobebwa kila siku kwenye mkoba. Hatari hiyo ilikuwapo hata kabla kijana hajarudi likizo. Ingekuwapo hata kama asingetaja Linux kamwe. Pendekezo la kijana limefanya watu wa nyumba hiyo waulizane, kwa mara ya kwanza, nakala ya pili iko wapi. Namwomba yeye ndiye awe mwenye kuitunza ile diski ya nje, na awakumbushe wenzake kuinakili upya kila mwisho wa mwezi.

Wasomaji wa Mbeya na Iringa wenye vijana waliosomea mambo haya wasione haya kuwaomba msaada. Kazi ya jioni moja kwa kijana wa chuo ni faraja ya miaka kwa mzee. Kwa upande wa ofisi za misikiti na madrasa, ninawasihi makatibu wenzangu: kabla ya kikao kijacho cha kamati, kila mmoja aulize nakala ya rekodi za ofisi iko katika nyumba ya nani, na ilifunguliwa lini mara ya mwisho.

Wabillahi tawfiq.